Hofu ya Mzazi na Chupa Ndogo ya Testosteroni

Mwanangu wa kwanza ana umri wa miaka 21, na tangu mwaka jana anajichoma sindano ya testosteroni, homoni ya kiume, kila wiki. Alizaliwa msichana, tukamlea kama binti, na sasa anaishi kama mwanamume. Hakuja kwetu kuomba ruhusa. Alikuja kutuarifu, kwa adabu na kwa sauti iliyotetemeka kidogo, kwamba ameshaonana na daktari, ameshapimwa damu, na ataanza dawa baada ya siku chache. Yeye ni mtu mzima, na hakuhitaji saini ya mama yake wala yangu. Ninawaandikia wazazi wenzangu waliofikwa na jambo hili, kwa kuwa mengi yanayosemwa juu ya homoni yanahusu watoto wadogo ambao wazazi wao ndio wenye kauli, ilhali mzazi wa mtu mzima hubaki na hofu asiyojua aipeleke wapi.

Kwa muda mrefu hofu yangu ilikuwa moja tu, kubwa na isiyo na umbo, na kila nilipojaribu kuisema ilitoka kama hasira. Ilianza kupata umbo siku mwanangu aliporuhusu daktari wake azungumze nasi. Daktari yule hakutubembeleza wala hakututisha. Alieleza nini hutokea mwilini, lini, na lipi linaweza kurudi mtu akiacha dawa. Nilipotoka pale bado nilikuwa na hofu, lakini sasa niliweza kuihesabu.

Yanayorudi ni mengi kuliko nilivyodhani. Hedhi, ambayo kwa kawaida hukoma ndani ya miezi 6 ya mwanzo, mara nyingi huanza tena mtu akiacha dawa. Misuli iliyoongezeka hupungua, mafuta yaliyohama kutoka kwenye nyonga kwenda tumboni hurejea yalikokuwa, na chunusi hupoa. Yasiyorudi ni machache lakini ni mazito: ndevu, ambazo huendelea kuongezeka polepole hata kwa miaka 4 au 5, ukuaji wa sehemu za siri za nje, upara kwa yule ambaye ukoo wake una upara, na ukoo wetu unao, na sauti. Sauti ndiyo iliyomchoma mama yake. Testosteroni hunenepesha nyuzi za sauti, na zikishanenepa hazirudi kuwa nyembamba hata dozi ikikatwa siku hiyohiyo. Siku hizi mwanangu akipiga simu huanza kwa kujitaja, "Mama, ni mimi," kwa sababu zaidi ya mara moja mama yake alimjibu kama mtu aliyekosea namba. Yeye hucheka. Mama yake hucheka pia, kisha hukata simu na kukaa kimya kwa muda.

Swali ambalo kila ndugu hutuuliza ni hili: je, akija kujuta? Nimelisomea kadiri nilivyoweza. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia watu 720 walioanza matibabu wakiwa vijana wadogo, na ukakuta asilimia 98 yao walikuwa bado wanatumia homoni walipohesabiwa. Mwaka huohuo ulichapishwa utafiti wa Marekani uliotumia kumbukumbu za huduma ya afya ya familia za wanajeshi, na huo ulionyesha kwamba baada ya miaka 4 ni takribani asilimia 70 tu waliokuwa wakiendelea kuchukua dawa. Watu huchagua namba inayowafaa na kuirusha mezani. Mimi nadhani pengo kati ya namba hizi mbili ndilo lenye maana. Wale wa Uholanzi walipitia uchunguzi mrefu katika kliniki moja kabla ya kuanza, na utafiti wa Marekani ulihesabu dawa zilizochukuliwa kupitia mpango ule wa afya pekee, kwa hiyo aliyehamia kununua kwingine alionekana kama ameacha. Na hata aliyeacha kweli si lazima awe amejuta: wapo wanaoacha kwa sababu ya gharama, kwa shinikizo la watu wa nyumbani, au kwa kuwa wamepata mabadiliko waliyoyataka na hawahitaji zaidi. Wapo pia wanaojuta kwa dhati na kuishi na sauti wasiyoitaka, na si haki kuwafanya kana kwamba hawapo. Nimemwambia mwanangu waziwazi kwamba akiwa mmoja wao, nyumbani hakutakuwa na mtu wa kumwambia, "Si tulikuonya?" Nimewaambia na wajomba zake vivyo hivyo, nao hawakufurahi.

Wengine wananiletea hoja ya kwamba ubongo haukomai hadi miaka 25. Ni kweli kwamba ubongo huendelea kujijenga baada ya miaka 20, lakini mimi nilioa nikiwa na miaka 23, na katika vikao vyote vya posa hakuna aliyeomba picha ya ubongo wangu.

Kuna hoja nyingine nzito kuliko hiyo. Finland mwaka 2020 na Sweden mwaka 2022 zilibana masharti ya kuwapa watoto homoni, na nchini Uingereza ripoti ya daktari wa watoto Hilary Cass, iliyotolewa Aprili 2024, ilisema kwamba ushahidi wa matibabu haya kwa walio chini ya miaka 18 ni dhaifu na kwamba uangalifu mkubwa sana unahitajika. Ripoti hiyo iliwahusu watoto, na mwanangu si mtoto. Hata hivyo ilipendekeza pia kwamba vijana wa miaka 17 hadi 25 wapate huduma inayowafuata kwa karibu badala ya kurushwa moja kwa moja katika kliniki za watu wazima, na hapo ndipo nilipoona umri wa mwanangu umetajwa. Kwa watu wazima ushahidi uko vizuri kidogo. Mwaka 2023 nchini Australia watu 64 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakaanza testosteroni mara moja na nusu wakasubiri miezi 3. Walioanza mapema walipungukiwa na sonona na mawazo ya kujiua kuliko waliosubiri. Miezi 3 ni muda mfupi, wala haijibu maswali yangu kuhusu miaka 30 ijayo. Lakini mawazo ya kujiua si jambo la miaka 30 ijayo, na mzazi ambaye amewahi kusikiliza pumzi za mwanawe nyuma ya mlango uliofungwa ananielewa.

Sasa nije kwenye damu, maana ndiko ninakopeleka hofu yangu siku hizi. Testosteroni huchochea uboho utengeneze chembe nyekundu nyingi zaidi. Zikizidi, damu huwa nzito, na damu nzito inaweza kuganda mahali pasipotakiwa. Kipimo kinachoangaliwa ni hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu. Ikifika karibu asilimia 54 madaktari hupunguza dozi au huisimamisha kwanza. Mwongozo wa mwaka 2017 wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, unataka mgonjwa apimwe kila miezi 3 katika mwaka wa kwanza, kisha mara moja au mbili kwa mwaka. Nilijifunza pia kwamba kwa anayechoma kila wiki, kiwango cha testosteroni hupimwa katikati ya sindano mbili, kwa sababu ukipima kesho yake unaona kilele na ukipima siku ya mwisho unaona bonde, na daktari anaweza kubadili dozi kwa namba isiyo ya kweli.

Karatasi ya majibu ya mara ya pili nusura initoe roho. Himoglobini, yaani protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, ilikuwa 15.9, na pembeni yake palikuwa na mshale mwekundu unaoelekea juu. Nilimpigia simu mwanangu palepale. Yeye alinieleza kwa utulivu ulionikera kwamba mashine ya maabara bado inamlinganisha na wanawake, ambao kikomo chao cha juu huwa karibu na 15.5, ilhali kwa mwenye testosteroni ya kiwango chake ni kikomo cha wanaume kinachotumika, nacho hufika 17 na kitu. Sikumwamini hadi daktari aliposema vilevile. Tangu hapo naisoma karatasi ile bila kutazama mishale, nami ndiye ninayemkumbusha kuhusu shinikizo la damu na lehemu, na ndiye ninayemsumbua kuhusu sigara, ambayo kwa maoni yangu ni hatari kwake kuliko kilichomo ndani ya chupa ile.

Chupa yenyewe niliiona siku moja nilipomkuta anajiandaa. Ni ndogo kuliko kidole gumba changu, na ndani mna dawa iliyoyeyushwa katika mafuta, nzito, yenye rangi ya manjano hafifu. Alifuta kifuniko cha mpira kwa pamba yenye spiriti, akavuta dawa kwa sindano nene, kisha akaitoa na kuweka nyingine nyembamba ya kuchomea, kwa sababu mafuta yale hayapandi kwa urahisi katika tundu dogo. Alichoma paja la kushoto. Wiki iliyotangulia ilikuwa la kulia. Sindano zilizotumika alizitia katika kopo gumu lenye mfuniko. Nilijikuta ninampa alama kama mtahini, na alifaulu.

Mwanangu ana haya yote kwa sababu ana daktari. Hilo ndilo ninalotaka mzazi mwenzangu alishike kabla hajapaza sauti. Testosteroni haipatikani kwa daktari peke yake. Kwa miaka mingi imekuwa ikiuzwa kwa siri kwa wanaotunisha misuli, na kijana mzima mwenye simu hahitaji muda mrefu kuipata. Anayeinunua huko hajui dozi iliyomo, hajui kama chupa ni safi, wala hakuna anayempima hematokriti. Wengine huongeza dozi wakidhani ndevu zitaharakisha, na sehemu ya ziada hiyo mwili huigeuza kuwa estrojeni, homoni ya kike, jambo ambalo hawakulitaka hata kidogo. Wakishirikiana sindano, tunazungumzia virusi vya ukimwi na homa ya ini. Kijana aliyefukuzwa nyumbani haachi kutaka homoni. Anachokosa ni fedha za kipimo na mtu wa kumpeleka hospitali usiku mguu ukivimba. Ninawajua wazazi walioshinda mabishano na watoto wao, na baadaye wakagundua kwamba sindano ziliendelea bila wao kujua.

Kwa wazazi ambao watoto wao walizaliwa wavulana na wanatumia estrojeni, hesabu ni tofauti. Matiti yakishakua hayarudi, ilhali sauti haibadiliki kabisa. Hatari kubwa ni damu kuganda, hasa kwa vidonge na kwa mvutaji sigara. Plasta au jeli ya kupaka ngozini huonekana kuwa na hatari ndogo zaidi. Ethinilestradioli, estrojeni iliyomo katika vidonge vingi vya uzazi wa mpango, haipendekezwi kwa kazi hii, lakini wanaojinunulia huitumia kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Mwulizeni pia daktari kuhusu saiproteroni, dawa ya kuzuia homoni za kiume, ambayo mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliwekea mipaka kwa sababu ya uvimbe katika utando wa ubongo kwa waliotumia dozi kubwa kwa muda mrefu.

Uzazi ni jambo tulilolijadili kwa uchungu zaidi, na hapa nakiri nina maslahi, maana ninataka wajukuu. Testosteroni huzuia mayai kupevuka kwa watu wengi, ila si kwa wote na si kila mwezi, kwa hiyo si kinga ya mimba. Na mimba ikitungwa dawa ikiwa mwilini, mtoto anaweza kudhurika. Wapo walioiacha dawa baada ya miaka na wakazaa watoto wazima. Kugandisha mayai kabla ya kuanza kunawezekana, ila ni ghali, na kunahitaji sindano za homoni za kike pamoja na vipimo vya ndani ambavyo mwanangu alisema hawezi kuvivumilia. Nilimsihi, akanisikiliza hadi mwisho, akakataa. Niliumia, na sijaacha kuumia, lakini sikuweza kudai mwili wake kwa ajili ya wajukuu wangu.

Upasuaji wa kifua, yaani wa kuondoa matiti, ndio uliopo mezani sasa. Hapo hatujakubaliana. Maoni yangu, ambayo nimemweleza bila kuyapamba, ni kwamba asubiri hadi mwaka wa pili wa testosteroni uishe na awe ameacha sigara, kwa kuwa moshi huchelewesha kidonda kupona na hata huua ngozi iliyoshonwa. Yeye anasema amesubiri tangu akiwa na miaka 13. Amekubali niende naye kwa daktari mwezi ujao, kwa sharti kwamba maswali yangu niyaandike mapema na yeye ayasome kwanza. Nimeshampa karatasi, na amekata maswali mawili.