Alhamisi moja ya zamu, Kunduchi

Nafundisha darasa la nne katika shule ya msingi ya serikali hapa Kunduchi, Dar es Salaam, upande wa pwani, mwendo mfupi wa miguu kutoka diko, pale boti za uvuvi zinaposhusha samaki. Jina la shule silitaji. Wenyeji mtaijua wenyewe. Wiki hii nina zamu. Marafiki zangu wa mjini huwa wananiuliza mwalimu wa huku anafanya nini zaidi ya kushika chaki, basi Alhamisi yangu hii hapa.

Saa 12:15 asubuhi. Kabla sijafika getini nampitia mama wa mihogo, maana yeye anafungua biashara kabla ya mlinzi kumaliza kufagia kibanda chake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Yule mjukuu wa bibi wa kachori usimsubiri leo. Nimempita diko, ana ndoo kichwani."

Ndani watoto wa namba wameshaanza: hawa wanafagia, hawa wanamwagilia miche, wawili wanagombea ufagio wenye mpini mzuri. Nawatenganisha.

Saa 1:15. Mtoto wa darasa la saba anagonga rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini. Paredi, wimbo wa taifa, ukaguzi wa kucha. Natangaza kikao cha wazazi saa 10 jioni na kuwaambia wasifike nyumbani wakasahau. Watasahau, ndiyo maana jana nilimwomba pia muadhini atangaze baada ya Alasiri, na mchungaji ameshasema Jumapili.

Saa 2:00. Rejista. Kiwango kinachotajwa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Darasa langu lilishapita hapo zamani, lakini leo kuna nafasi kwenye madawati, na najua kwa nini.

Hapa mahudhurio yanafuata mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, boti nyingi zinalala. Giza likiingia, alfajiri diko linafurika: kuna ndoo za kubeba, dagaa wa kuanika, samaki wa kupara. Mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kuondoka na chochote mfukoni kabla kengele haijalia. Mwalimu mgeni huandika "mtoro" na kuita wazazi, wazazi wasije, maana nao wako diko. Sisi tuliozoea tumetundika ofisini kalenda ya Kiislamu tuliyopewa msikitini, na majaribio ya darasa tunayapanga kati ya tarehe 12 na 17 za kalenda hiyo, mwezi ukiwa mpevu. Hakuna waraka wa wizara unaosema hivyo. Matokeo yanaonekana, na Afisa Elimu Kata akija anaikuta kalenda ukutani wala haulizi.

Leo, kwa kalenda hiyo, ni tarehe 28.

Saa 3:00. Historia ya Tanzania na Maadili, somo lililokuja na mtaala mpya. Nimemwalika mzee mmoja wa mtaa, nahodha mstaafu, awasimulie watoto kuhusu magofu ya Kunduchi: msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa bakuli na sahani za China. Wengi wanapita pale wakienda kuokota ukwaju na hawajawahi kutazama juu. Mzee anaeleza jinsi majahazi yalivyotembea na pepo, kaskazi ikileta wageni na kusi ikiwarudisha, na kwa nini mwenye nacho alitaka sahani ya mbali ikae juu ya kaburi lake. Mkono unanyooka nyuma: "Sasa babu, kama sahani zote walizibandika makaburini, pilau walilia kwenye nini?" Mzee anacheka mpaka anakohoa. Ningeweza kusoma kitabu cha kiada ukurasa kwa ukurasa mwezi mzima, swali hilo lisingeulizwa.

Saa 4:00. Uji. Wakati foleni inatembea nampigia nahodha mmoja aliye kwenye kamati ya shule, na ambaye pia ni mtu wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi pale diko. Makubaliano yetu naye yapo: mtoto wa umri wa shule asipewe ndoo kabla ya saa 8 mchana. Yanashikwa vizuri siku nyingi, ila boti ikishusha alfajiri mkono wowote unafaa. "Nipe dakika ishirini, mwalimu," anasema.

Yule mjukuu wa bibi wa kachori anafika amepakiwa kwenye bodaboda, sare ndani ya mfuko wa plastiki, ananuka dagaa. Simuulizi kitu mbele ya wenzake. Mpishi amembakishia uji.

Saa 5:00 hadi 8:30. Hisabati, Kiingereza, kusahihisha. Wadogo wa la kwanza na la pili wanaondoka mapema. Kondakta mmoja wa daladala anasimamisha gari hapo kituoni na kuwapakia wanaokaa mbali bila kelele, kwa nauli yao ya 200. Sio wote wako hivyo. Huyu alisoma hapa.

Saa 10:00 jioni. Kikao cha UWAWA, yaani ushirikiano wa wazazi na walimu, chini ya mwembe kwa sababu madarasani ni joto. Tumepanga saa hii kwa ajili ya kina mama wa kukaanga samaki. Wakija asubuhi wanapoteza mauzo, na bila wao kikao ni cha wanaume watano na mwalimu mkuu.

Ajenda ni uji. Dakika ya tatu tu, baba mmoja amesimama: "Si tuliambiwa elimu bure?" Kila kikao kina mtu wake wa kuuliza hivyo, na ana haki. Michango ya lazima ilifutwa kuanzia Januari 2016, lakini chakula cha mtoto kilibaki kwa mzazi, kwa makubaliano na bila kumrudisha mtoto nyumbani. Mwalimu mkuu anafungua hesabu: ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Gawa kwa siku 194 za masomo, unapata hamsini na kitu kwa siku, hela ya pipi, na humo humo watoe chaki, karatasi na vitabu. Yule baba anakaa. Hajaridhika, lakini amekaa.

Nahodha wa kamati analeta wazo: kila usiku wa giza ambao boti imepata, ndoo moja ya dagaa iuzwe mnadani kwa jina la shule. Wenye boti wawili wanakubali palepale. Ubishi unahamia kwenye nani atashika hela. Kina mama wanasema wazi kwamba hazitashikwa na mwanamume yeyote wa diko, na baada ya vicheko vingi anachaguliwa mama lishe mmoja anayeaminika kwa daftari lake la mikopo. Wasio na hela wataleta karanga au unga. Gesi ndiyo haikupata jibu. Tangu agizo la taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kuacha kuni na mkaa, jiko tumepata, ila mtungi unaisha haraka kuliko tulivyodhani. Imesogezwa kikao kijacho.

Bibi wa kachori alikaa pembeni kikao kizima. Watu wakitawanyika ananieleza: mama yake mtoto amelazwa, yeye miguu haimruhusu kwenda diko. Kina mama watatu waliokuwa wanakunja vitenge vyao walisikia. Wamekubaliana kumshushia bibi fungu lake la samaki kila asubuhi mpaka binti atoke hospitali, na kijana aje shule. Kwenye muhtasari wa kikao hilo halimo.

Saa 12:00. Uwanja sasa ni wa timu ya mtaa. Mlinzi anawakumbusha wasipige mpira upande wa ofisi, kioo kimebaki kimoja.

Saa 2:30 usiku. Niko katikati ya andalio la somo, mjumbe wa shina anapiga. Kuna msiba nyuma ya msikiti, wanaomba madawati ya darasa la sita kwa ajili ya waombolezaji. Nampigia mwalimu mkuu, anakubali. Namrudia mjumbe: vijana wa mpira wayabebe, mlinzi ayahesabu yakitoka na yakirudi, na yawe darasani kesho kabla ya saa 1, maana la sita wana jaribio la sayansi kipindi cha kwanza.

"Jaribio kwenye giza hili, mwalimu?"

Ratiba hiyo imetoka wilayani, nikamwambia, sio kwetu.