Daftari la mahudhurio

Leo ni Sikukuu ya Muungano. Jirani amefungulia redio tangu alfajiri, ni gwaride na hotuba, nami nimelitoa tena lile daftari la mahudhurio la mwaka 2015. Jalada limeshapinda pembe. Ukiligeuza hivi bado linadondosha vumbi la chaki.

Mwaka ule tarehe 26 Aprili iliangukia Jumapili. Tulikuwa tunatoka misa, kule Bujumbura, nchini Burundi, tukaona moshi wa matairi upande wa Musaga. Siku moja kabla, chama tawala cha CNDD-FDD kilikuwa kimempitisha Rais Pierre Nkurunziza kugombea tena, na waliompinga walisema huo ni muhula wa tatu na Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 haumruhusu. "Manda ya tatu" ikawa midomoni mwa kila mtu, hata watoto wangu wa darasa la sita.

Shirika letu la masista lilikuwa limenituma kule kufundisha Kiswahili na hesabu. Mimi ni Muha wa Kasulu, na Kiha na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo sokoni nilinunua ndagala bila mkalimani na wazazi wakanipokea kama mtu wa nyumbani. Waliniita Masera, yaani sista. Nilijidanganya kwamba kwa kuwa naelewa maneno yao, naelewa pia wanachokiogopa.

Jumatatu nikaita majina. Darasa la watoto 52, wakaitika 31. Kwetu mtoto asipofika bila taarifa tunamwandika mtoro, na ukutani mwa ofisi hesabu ya watoro inasomeka. Nilishindwa kuliandika neno hilo. Ile safu ya mwisho, ya maelezo, nikaanza kuijaza kwa nilichosikia kwa wenzao: huyu anakaa Nyakabiga, njia imefungwa, huyu baba yake kamvusha Rwanda usiku, huyu kaenda kwa shangazi yake, mtaa fulani. Niliona ndio uangalizi. Mwalimu ajue watoto wake wako wapi.

Mwalimu mwenzangu wa Kifaransa, mtu mzima, mpole, alisimama nyuma yangu akisoma. Kisha akaweka kiganja chake juu ya ukurasa, wino ukiwa bado mbichi, ukamwingia mkononi.

"Masera, usiandike mtaa. Usiandike jina la baba. Weka sifuri, basi."

Akanieleza taratibu, bila kuketi. Baba yake naye alikuwa mwalimu. Mwaka 1972 wanajeshi walikuja shuleni na karatasi, wakasoma majina, na waliosomwa wakapanda lori. Yeye alikuwa na miaka saba. Nilikuwa nimesoma habari za 1972, za mauaji ya Wahutu, za walimu na wanafunzi waliochukuliwa na hawakurudi, lakini sikuwahi kufikiri kwamba wao pia waliitwa kwa majina yao. Tulichukua wembe, tukakwangua yale maelezo moja moja. Karatasi imebaki nyembamba pale. Ukiiinua kwenye mwanga unaona upande wa pili.

Alhamisi ya wiki hiyo ilikuwa 30 Aprili, kumbukumbu ya vijana 40 wa seminari ndogo ya Buta, waliouawa mwaka 1997 baada ya kuamriwa wajitenge, Wahutu kando, Watutsi kando, wakakataa. Tuliwaombea na watoto 19 tu. Sikuwatolea mahubiri. Ningewaambia nini, na wao wanakaa dawati moja?

Kisha ikaja 13 Mei. Rais akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jenerali Niyombare akatangaza redioni kwamba amempindua. Watu wakamiminika barabarani wakishangilia. Kesho yake ikawa risasi, na siku mbili baada ya tangazo lile mapinduzi yalikuwa yameshindwa.

Mama Mkuu akapiga simu: rudi. Nikarudi, na aibu ile sijaimaliza kuiungama. Mwenzangu alinibebea begi hadi kwenye gari. Yeye hakuwa na pa kurudi. Akanikabidhi daftari la mahudhurio: "Ondoka nalo, lisibaki humu." Manyovu, mpakani upande wa Tanzania, nikagongewa muhuri katika pasipoti, huku akina mama wamekaa chini na masufuria na magodoro. Wengine walipita ziwani, wakarundikana kijijini Kagunga, mlima nyuma na maji mbele, kipindupindu kikawakuta huko kabla meli ya Liemba haijawasomba hadi Kigoma.

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko wilayani kwetu. Nilianza kwenda, nikitafuta sura. Mwezi Agosti msichana mmoja akaniona kwanza, kwenye foleni ya maji, akaacha ndoo akaja mbio. Nikamkumbatia, nikamuuliza wazazi, nikamuuliza wadogo zake. Akajibu yote haraka haraka, maana swali lake mwenyewe lilikuwa linamsubiri.

"Masera, daftari langu la hesabu umekuja nalo?"

Nikamwambia limebaki kabatini, pamoja na ya wenzake.

"Ulikuwa hujasahihisha," akasema.