Mwaka Huu Nao

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Jumatano jioni nilifika mazoezi ya kwaya ya vijana nikakuta watu wanne, na mmoja alikuja kuchaji simu. Barua yangu ya kujiuzulu ilikuwa ndani ya Biblia. Nilipoitoa, macho yakaangukia Luka 13, mtini usiozaa ambao mwenye shamba anataka ukatwe, na yule mtunza shamba anayeomba: "Bwana, uuache mwaka huu nao, hata niupalilie, niutilie samadi."

Nikamkumbuka kocha Scott Drew. Mwaka 2003, akiwa na miaka 32, alikubali kuifundisha timu ya mpira wa kikapu ya Baylor, chuo kikuu cha Wabaptisti kule Waco, Texas. Mchezaji mmoja alikuwa ameuawa na mwenzake wa timu, kocha amejiuzulu kwa kashfa, wachezaji wazuri wamehama. Msimu wa kwanza walishinda mechi 8, wakapoteza 21. Wa pili, 9 kwa 19. Wa tatu, adhabu ya makosa yaliyotendwa kabla yake ikawazuia kucheza nje ya ligi yao ya Big 12. Wakashinda 4 tu.

Miaka mitatu! Sisi mwalimu wa kwaya akimaliza miezi mitatu bila wimbo mpya, tunaitisha kikao. Na wengine, nasema kwa upendo, mmeshahama makanisa matatu mkitafuta penye upako, kumbe mnatafuta palipopaliliwa na jasho la mwenzenu. Samadi inanuka, jamani. Ni kumpigia kijana asiyepokea simu, kesho ukampigia tena. Ni kurudia mstari mmoja wa sauti ya pili mpaka umeme unakatika, halafu mnaendelea gizani. Hakuna anayekupigia makofi kwa hayo.

Tarehe 5 Aprili 2021, msimu wake wa 18, Baylor iliifunga Gonzaga 86 kwa 70 ikawa bingwa wa vyuo Marekani. Gonzaga haikuwa imepoteza hata mechi moja msimu ule. Lakini sisemi kila anayevumilia atapewa kombe. Hata mtini wa Luka, hatuambiwi kama ulizaa. Tunachoambiwa ni kwamba mtu aliomba jembe badala ya shoka.

Barua nimeichana. Yule wa chaja nilimjaribu sauti, kumbe ni besi. Jumatano tunaanza saa kumi na moja, naye kaahidi kuja na mdogo wake.