Quito nimeisikia

Juzi usiku nilikuwa nakunja nguo, binti yangu akaja na karatasi ya shule mkononi. Akasimama mlangoni.

"Baba, kuangalia simu ni hobi?"

Nilitaka kumjibu papo hapo kwamba si hobi, basi, alete karatasi tuijaze. Ulimi ukakataa. Nikamwambia anioneshe. Kulikuwa na jina, tarehe ya kuzaliwa, somo analolipenda, na chini kabisa mstari wa nukta wenye neno moja mbele yake: Uraibu. Wenzake, akanieleza, wameandika kusoma, kuogelea, kuimba. Yeye wake kauacha wazi.

"Simu naiangalia kila siku," akasema. "Ila sijui kama naipenda."

Hapo ndipo nguo zilipobaki kitandani. Mstari ule wa nukta nimewahi kukaa mbele yake, kalamu mkononi, watu watatu wakinitazama.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Ilikuwa usaili wangu wa kwanza wa kazi na shati nililovaa lilikuwa la kaka. Maswali ya mwanzo yalipita vizuri, au niseme yalipita. Upande wa pili wa meza walikaa watatu: mzee mmoja katikati, mwanamume wa makamo kushoto kwake, na kulia mama mmoja aliyevaa miwani ya kusomea na ambaye hadi dakika ile alikuwa hajafungua kinywa. Mzee akafunua ukurasa wa mwisho wa fomu yangu, akaweka kidole kwenye mstari.

"Kusoma, kusafiri na muziki," akasoma. Kidole kikasogea kidogo. "Kusafiri. Umefika wapi na wapi?"

Nilikuwa sijafika popote. Niliandika "kusafiri" kwa sababu kijana aliyekaa mbele yangu kwenye benchi aliandika hivyo, na lilionekana neno la mtu anayestahili kuajiriwa. Nikaitazama mikono yangu juu ya magoti. Kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kulikuwa na alama nyembamba nyekundu, ya waya. Jana yake usiku nilikaa nimeushika waya ule mpaka saa nane na nusu.

"Quito," nikasema.

Wote watatu wakainua vichwa.

"Iko wapi hiyo?" akauliza yule wa kushoto.

"Ekuador. Juu milimani, zaidi ya mita 2,800 kutoka usawa wa bahari, karibu kabisa na mstari wa Ikweta."

"Na wewe umefika huko."

"Hapana. Nimeisikia."

Niliisikia kwenye redio yangu ya masafa mafupi. Ambacho sijawahi kukieleza vizuri ni mambo ya usiku. Masafa mafupi hayaendi moja kwa moja kama FM. Wimbi linapanda juu, linakutana na tabaka la hewa lililochajiwa na jua, linarudishwa chini, linadunda ardhini au baharini, linapanda tena. Likidunda mara za kutosha, sauti ya mtu aliyekaa studio upande wa pili wa dunia inakufikia chumbani ukiwa umelala chali. Jua likizama, vituo vya mbali vinaibuka kwenye mikanda ya mawimbi ya mita 49 na 31 ambako mchana kulikuwa kimya. Lakini vinaibuka vikiwa vimejikunja kwa udhaifu, kimoja juu ya kingine, na sauti inapanda na kushuka kama mtu anayeongea huku anapigwa na upepo. Redio yangu haikuwa na antena ya maana. Nilifunga waya nikaupitisha dirishani, ncha yake nikaishika kwa vidole, na mwili wangu ukawa sehemu ya antena. Nikisogea, Quito inazama. Nikitulia tuli, inarudi.

Sikuwa nasikiliza vipindi. Mara nyingi lugha yenyewe sikuijua. Nilichongojea ni jina. Vituo vingi hujitaja saa inapotimia, na kabla ya kujitaja hupiga alama yao: Radio Nederland, kituo cha Uholanzi, ilikuwa na kengele, zikilia polepole, na nilipozisikia tu nywele za mikono zilisimama. Nikishapata jina, naandika kwenye daftari. Tarehe. Saa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa. Masafa kwa kilohezi. Halafu tarakimu tano, kila moja kati ya 1 na 5, wasikilizaji tunaziita SINPO: nguvu ya mawimbi, kuingiliwa na vituo vingine, kelele, kupandapanda kwa sauti, na usikivu kwa ujumla. Ukipata 55555 kituo kiko kama sebuleni kwako. Mimi nilikuwa nikiandika 24322 na moyo unadunda.

Hayo yote niliyasema pale mezani kwa pumzi moja. Sijui ilikuwaje. Kwenye maswali ya kazi sauti ilikuwa ikinikauka. Kwenye hili nilijikuta nimeinua mkono nikiwaonesha jinsi ya kushika waya.

Yule mama ndiye aliyeuliza swali la kwanza. "Unajuaje kama kweli ni Quito? Si huenda ni mtu yuko mtaa wa pili?"

Nikafungua bahasha ya vyeti. Kadi niliiweka humo kwa sababu kila kitu changu cha thamani kilikuwa kwenye bahasha ile. Unawaandikia kituo barua, unawatajia siku, saa, masafa na ulichosikia, wao wanalinganisha na kumbukumbu zao. Ukiwa umesema kweli wanakutumia kadi ya kuthibitisha. Yangu ilikuwa na picha ya mlima wenye theluji. Nyuma, mtu nisiyemjua alikuwa amejaza kwa kalamu ya wino wa buluu tarehe yangu, saa yangu na masafa yangu. Mama akaipokea kwa vidole viwili, kwenye kingo, kama mtu anayeshika picha ya mtoto wa mtu mwingine. Akaisoma mbele, akaigeuza, akakaa na upande wa nyuma muda mrefu. Feni ilikuwa inazunguka juu yetu na kila ikifika mahali fulani ilitoa mlio mdogo. Nikaihesabu mara kumi na moja.

"Sasa hii," akasema yule wa kushoto, "siyo hobi. Hobi inamjenga mtu. Mpira unajenga mwili, kitabu kinajenga akili. Hii inajenga nini?"

Hakusema kwa ubaya. Alitaka kujua.

"Hobi ni kile unachokifanya bila kulipwa," akasema mzee.

"Basi kupiga deki ni hobi yangu," akasema mama, bado anatazama kadi. "Mwaka wa thelathini huu, na sijalipwa."

Mzee akanyamaza. Mama akairudisha kadi mezani, akaisukuma taratibu hadi mbele yangu.

"Jana umelala saa ngapi, mwanangu?"

"Saa nane na nusu, mama."

"Na ulijua leo una usaili."

"Nilijua."

"Ungeambiwa uache?"

Nikafungua mdomo niseme ningeacha. Nilikuwa nimejiambia hivyo usiku ule ule, mara tatu: nikisikia jina nazima. Jina nililisikia saa sita. Nikabaki, nikitafuta jingine.

Sikumjibu. Akachukua fomu kutoka mbele ya mzee, akaigeuza inielekee, akaweka kalamu yake juu.

"Kusafiri futa. Andika hiyo."

Hapo ndipo ninaporudi kila mara. Nikafuta "kusafiri" kwa mstari mmoja ulionyooka. Kalamu ikabaki juu ya karatasi na sikuwa na neno. Kusikiliza redio? Kila mtu husikiliza redio, watu wanasikiliza huku wanapika na kunyoa ndevu. Kukusanya vituo? Havikusanyiki, vinapita. Kukesha? Kungojea? Wale wanaorusha mawimbi wenyewe wana leseni na alama zao za wito, wana jina katika jamii. Msikilizaji hana. Niliangalia ule uwazi baada ya neno lililofutwa, ulitosha maneno mawili madogo, na kitu nilichokuwa nakifanya kila usiku tangu nina miaka kumi na mitatu sikuweza kukiita. Nikamrudishia kalamu. "Kusoma", kisha mstari wa kufuta, kisha "muziki". Ndivyo fomu ilivyobaki.

Kazi nilipata. Niliifanya miaka sita, na yule mama sikukutana naye tena kwa karibu hivyo.

Tangu siku ile swali lake na swali la yule wa kushoto yamekuwa yakinifuata, na nimekuwa nikiokota majibu njiani. Nilisoma kuhusu William Herschel, mpiga kinanda wa kanisani huko Bath, Uingereza, ambaye usiku alikuwa akitazama nyota kwa darubini alizojitengenezea mwenyewe, akisugua vioo kwa mkono. Mwezi Machi 1781 akaiona sayari ambayo hakuna aliyejua kuwa ni sayari, Uranus. Mwaka uliofuata mfalme akaanza kumlipa mshahara, naye akaacha muziki. Kwa kipimo cha yule mzee, hobi yake ilikufa siku ya mshahara wa kwanza. Lakini nyota ni zile zile, baridi ni ile ile, na jicho ni lile lile. Sidhani kama usiku wa baada ya mshahara alijisikia ameacha kitu.

Nikasoma pia kwamba neno hobi kwa Kiingereza lilitokana na farasi wa mti, ile fimbo yenye kichwa cha farasi ambayo mtoto anaipanda na kukimbia nayo uani. Anampanda farasi na hafiki popote. Nililipenda hilo kuliko nilivyotarajia.

Lakini maneno yaliyonishika zaidi ni yetu wenyewe. Kwenye fomu wameandika uraibu. Uraibu wa asili ni tambuu, ni tumbaku, kile ambacho mtu akikikosa hakai sawa. Na siku hizi ukisema mraibu, watu wanamfikiria kijana aliyeshikwa na dawa za kulevya. Neno moja kwa kitu kinachokupumzisha na kitu kinachokula maisha yako. Zamani niliona hilo ni upungufu wa lugha. Sasa naona waliolitumia walijua walichokuwa wanasema: kuna mahali ambapo kupenda na kushikwa vinakaa chumba kimoja, na mimi na waya wangu saa nane usiku tulikuwa humo.

Halafu tuna neno jingine, la michezoni. Bondia asiyelipwa tunamwita bondia wa ridhaa. Ridhaa, yaani amekubali, moyo umeridhia. Hatutaji pesa wala kujengeka, tunataja ule moyo.

Nadhani, na hapa sina uhakika, kitu changu kilikuwa kati ya maneno hayo mawili. Kilinishika, nami nilikuwa nimekiridhia kunishika. Na mtoto wangu kwa sentensi yake moja alikuwa amegusa pale pale: simu imemshika, ridhaa yake haioni. Lakini nikimwambia hivyo nitakuwa mkweli? Usiku ule kabla ya usaili, baada ya saa sita, ridhaa yangu ilikuwa wapi? Nilikuwa nimeshasikia jina. Nilichokuwa nakigeuza kwa kidole gumba baada ya hapo hakikuwa tofauti sana na anachokigeuza yeye.

Kuna daftari, ningeweza kumwambia. Mimi niliandika. Ila daftari lilikuwa la nani? Hakuna aliyelisoma.

Sikumwambia lolote katika hayo. Nikatoa redio chini ya kitanda.

Masafa mafupi ya leo yana ukiwa. Vituo vingi nilivyovijua vimezimwa. Kengele za Radio Nederland zilinyamaza Juni 2012. Na palipobaki pamejaa mngurumo unaotoka kwenye vitu vyetu wenyewe ndani ya nyumba. Tukazima taa za LED. Tukachomoa chaja ya simu yake, na mngurumo ukakatika nusu, kama mtu aliyefunga mlango wa mashine. Akashtuka. "Kumbe ilikuwa inapiga kelele muda wote?"

Nikampa ncha ya waya aishike. Nikageuza taratibu kwa ukucha. Kwenye mita 31, chini kabisa ya mvumo, kukawa na sauti ya mwanamke.

"Usisogee," nikamwambia.

Akatulia kama mti, mkono juu.

"Anasema nini?"

"Sijui."

"Yuko wapi?"

"Bado hajasema. Atasema saa tano ikitimia."

Zilikuwa zimebaki dakika saba. Alisimama dakika nne nzima, kwenye giza, akibadilisha mguu bila kusogeza mkono. Nilimwona kwa mwanga mdogo wa kioo cha redio, macho ameyaelekeza kwenye spika. Kisha mkono ukamchoka. Akanipa waya, akasema usiku mwema baba, akaenda. Vidole vyake vilipoachia, yule mwanamke akazama.

Nikaushika mimi. Akarudi. Fomu ilikuwa pale mezani, mstari wake wa nukta uko wazi, na zilikuwa zimebaki dakika tatu.