Mikono ya Oniji: wiki ya sita

Jana usiku nimemaliza kuchonga ubao wa mistari myeusi, ule ambao mbao zote za rangi zitaufuata. Ninanakili chapa, yaani picha iliyochapwa kwa mbao za kuchonga, ya msanii wa Japani Sharaku, ya mwaka 1794. Ni mwigizaji wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Japani, Otani Oniji wa Tatu, akicheza Edobei, mtumishi mwovu anayejiandaa kumpora mtu fedha. Kidevu kimetangulia, midomo imebanwa, na vidole vya mikono yote miwili vimetanuka kifuani, vikichomoza kutoka ndani ya kimono.

Vidole hivyo vimenichukua siku nne. Mstari mweusi ndio usioguswa. Unaondoa mbao huku na huku mpaka ubaki umesimama kama ukuta mwembamba. Jumanne kidole gumba kikameguka. Nilikuwa nakata kwa haraka, kisu kikaenda kinyume na nyuzi za ubao. Nimekibandika kwa gundi, nikasubiri siku nzima, kisha nikakipunguza tena. Wachongaji wa Edo, yaani Tokyo ya leo, walitumia mcheri, mti mgumu wenye nyuzi za kubanana. Mimi ninatumia plaiwudi, na tofauti naiona kila ninapofika kwenye kona.

Kazi hii imenifanya niwaheshimu sana watu hao. Kwenye chapa kuna sahihi ya Sharaku na alama ya mchapishaji wake, Tsutaya Juzaburo. Jina la mchongaji halipo. Lakini nywele za juu ya sikio la Oniji, nyembamba kama za mtoto mchanga, ni kisu chake kilichozitoa. Naona ni dhuluma.

Mandharinyuma ndiyo inanipa hamu zaidi. Ile ya asili ni nyeusi na ina unga wa ulanga, madini yanayong'aa, kwa hiyo ukiinamisha karatasi inametameta. Jaribio langu la kwanza lilitoka kijivu, kama jivu la mkaa. La pili nilitangulia kupaka wino mzito, ukakauka, ndipo nikaweka ulanga uliochanganywa na gundi: uso ukajitokeza mbele mara moja!

Sasa zimebaki mbao tatu za rangi. Kila moja nimeshaichonga kento, vialama viwili vya kuegeshea karatasi, kimoja kwenye kona na kingine ukingoni. Kikikosea kwa unene wa ukucha tu, rangi ya kimono inamwagikia vidoleni. Karatasi nimezilowanisha, ziko chini ya ubao mzito mpaka asubuhi.