Mililita 15

Usiku wa kuamkia leo nilimlaza mwanangu chali kumnywesha. Nilijua haifai, ila ilikuwa saa tisa, umeme umekatika, simu nimeibana shingoni inimulikie, nikampakata kama nilivyowapakata watoto wa dada zangu wote: kichwa kwenye kiwiko, chupa juu. Mafunda matatu, akapaliwa. Midomo ikabadilika rangi. Nikamwinua, nikamsugua mgongo, akavuta pumzi kabla sijamwita mtu. Tangu hapo sijalala.

Alizaliwa wiki ya 31 ya mimba, kilo 1.4. Wodini njiti wetu, watoto waliozaliwa kabla ya wakati, walianza na mpira wa puani, kisha kikombe kidogo. Chupa tumeianza juzi juzi kwa kuwa nitarudi dukani, na sista wa kliniki alinielekeza mwenyewe. Mtoto alale ubavu wa kushoto juu ya mapaja yangu, kichwa kiwe juu kuliko nyonga. Sikio, bega na nyonga vifuatane kwenye mstari mmoja. Chupa nayo ilale, chuchu ijae nusu tu. Hapo maziwa hayamwagikii kooni. Asipowahi kumeza, yanamtoka pembeni mwa mdomo. Nguo zinachafuka, basi. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa zamu huanza kukaa sawa kwenye wiki ya 34 hivi, ukihesabu tangu mimba, na hata baada ya hapo njiti huchoka haraka. Akinyonya mara nne au tano, nainamisha chupa apumue.

Mimi hutazama vidole. Akivitanua ghafla amezidiwa, hata kama mdomo bado unanyonya. Gizani sikuviona.

Mama hapendi. "Unamnywesha kama mwanambuzi," anasema, na kunikumbusha kwamba amelea sita kwa kupakata. Kweli. Ila sisi sote tulizaliwa na miezi yetu tisa. Siku hizi sibishani naye, namwachia kazi ya kumcheulisha, maana ananishinda kwa mbali.

Saa kumi na mbili asubuhi nikamlaza ubavu. Dakika 25. Alipofika mililita 30 akafunga mdomo, akageuza uso. Zilikuwa zimebaki 15, na maziwa hayo niliyakamua kwa nusu saa nzima. Nikamgusisha chuchu mdomoni mara moja tena, kujaribu bahati.

Vidole vikatanuka. Nikayamwaga.