Bahari isiyokupwa

Mimi ni mtoto wa Kigombe, pale kati ya Tanga mjini na Pangani, na kwetu ukisema twende baharini mtu hakuulizi tubebe nini wala tuvae nini, anakuuliza maji yanajaa saa ngapi. Kwa hiyo msinicheke kwa hili ninalotaka kuwahadithia. Siku ya kwanza tulipofika La Franqui, huko Ufaransa kwenye bahari ya Mediterania, nilitandika mkeka mbali kule juu, karibu na pale mchanga unapoanza kuota majani. Wazungu wote wamejipanga hatua kumi kutoka kwenye maji, sisi tuko nyuma peke yetu kama tumegombana na watu. Baba watoto, mtu wa Dodoma huyo, bahari kaijulia ukubwani, akaniuliza mbona tumekaa huku. Nikamwambia wewe tulia, maji yakijaa utawaona wenzako wanavyokimbia na mataulo yao.

Tukatulia. Saa sita, saa saba, saa tisa. Maji yako palepale. Kuna bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, miguu inalambwa na maji, anafumba mafumbo yake ya gazetini, nikawa namtumia yeye kama alama. Saa kumi jioni bado miguu inalambwa vilevile, wala hajasogeza kiti. Baba watoto hakusema kitu, alibeba tu mkeka akashuka nao chini.

Nilikuwa nimeshasoma shuleni huko zamani, lakini kusoma ni kitu kimoja na kukaa masaa manne unasubiri ni kingine. Mediterania ni bahari iliyofungiwa. Mlango wake wa kuingilia toka Atlantiki ni pale Gibraltar, mahali pembamba kabisa hapafiki kilomita 15, sasa mwezi ukivuta maji ya bahari kuu, mpaka hayo maji yapenye pale mlangoni mwezi umeshageuka unavuta upande mwingine. Na yenyewe ndani ni ndogo, mwezi haupati pa kushikia. Kwa hiyo sehemu nyingi bahari inapanda na kushuka kidogo tu, haifiki hata nusu mita, kwa macho huoni kitu. Kwetu Tanga maji ya bamvua (yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) yanapanda karibu mita 4, yaani ghorofa nzima, halafu yanaondoka yanakuachia uwanja mpaka kule miambani, kina mama wanaingia kuchokoa pweza, watoto wanaokota kombe, ngalawa zimelala ubavu zinasubiri. Hapa hakuna saa ya kuingia wala saa ya kutoka. Bahari ipo tu, muda wote, kama maji ya kwenye beseni.

Haya, kwa wanaouliza ni wapi huko. La Franqui ni kijiji kidogo kusini mwa Ufaransa, kiko ndani ya manispaa ya Leucate, upande wa kuelekea Spain. Sisi tunakaa Toulouse, kwa gari ni kama masaa mawili, na kwa asiye na gari kuna stesheni inaitwa Leucate-La Franqui kwenye reli ya Narbonne kwenda Perpignan ila iko mbali na mchanga, na watoto na mizigo kwenye jua la Julai sikushauri utembee. Tulikodi kijumba siku tano. Msije mkategemea majumba ya Nice na watu maarufu, hamna. Kuna nyumba za zamani za watu waliokuwa wanakuja kuoga bahari tangu enzi za babu zao, kuna misonobari inatoa kivuli kizuri mchana ambapo wazee wanacheza petanque (yale madude ya chuma wanayorusha), kuna jabali la chokaa upande wa kusini linaitwa Cap Leucate, na upande wa kaskazini mchanga unakwenda tu, unakwenda mpaka macho yanachoka. Mchanga wenyewe si mweupe wa matumbawe kama wetu, ni rangi ya sukari guru, umeletwa na mito. Kwa miguu ni mzuri, mlaini.

Ila kilichotupeleka pale hasa ni kina kifupi. Unatembea, unatembea, maji bado ya magoti. Nina wawili, mmoja miaka saba mwingine minne, na huyu wa minne ndio anaanza kuzoea maji, sasa kwa mama anayejua bahari inavyobadilika hiyo ni raha niliyokuwa siijui. Nilizoea kuwa na saa kichwani. Hata ukiwa unacheka na watu, kichwani unahesabu, maji yameanza kurudi, mkondo utakuwa mkali sasa hivi, watoto watoke. Pale nilikaa siku nzima nimelala chali, nimefunika uso na khanga, nasikia tu sauti zao. Nilipata usingizi jamani. Ufukweni. Mama yangu akisikia atanipiga.

Maji yake yana chumvi kweli. Kama gramu 38 kwa lita, kwetu ni kama 35, kwa sababu jua linakausha maji mengi kuliko yanayoletwa na mito na mvua. Mdogo alimeza funda moja akanitazama kama mimi ndio nimemtilia.

Kuhusu mavazi, najua mtaniuliza. Nilivaa leginsi na fulana ya mikono mirefu na kilemba cha kuogelea, hakuna aliyenigeukia. Mwaka 2016 kulikuwa na meya kadhaa huku kusini waliopiga marufuku mavazi ya kujisitiri ufukweni, lile katazo la mji wa Villeneuve-Loubet likapelekwa baraza la juu la sheria likasimamishwa, ila ukweli ule wasiwasi ulinibaki siku zote hizi. Nilivyofika nikakuta bibi wa umri wa mama mkubwa wangu kalala kifua wazi anasoma kitabu, nikajisemea hapa kila mtu na lake. Akanisalimia bonjour madame, nikamwitikia, tukaendelea.

Sasa tuje kwenye upepo, maana hapo ndipo nilipofunzwa adabu.

Huku wana pepo mbili kama sisi na kusi na kaskazi. Kuna tramontane, unatoka bara kaskazini magharibi, mkavu, mbingu inakuwa bluu imetakata, na kuna marin, unatoka baharini, mzito, una unyevu, kila kitu kinanata. Tramontane ndio wenye nyumba. Ndio maana vijana wa kaiti (wanaovutwa na tiara juu ya maji) wanajazana hapo Coussoules, pembeni tu ya tulipokuwa, na kuna mashindano yao yaliyoanza 1997. Siku ya pili ukaanza. Kwanza mwavuli ukatutoka, ukapiga sarakasi kama mara nane, baba watoto anaukimbilia ufukwe mzima unashangilia. Katlesi zangu nilizokaanga usiku zikageuka katlesi za mchanga, tukala hivyohivyo tunasikia kra kra. Lakini ukitazama bahari, shwari. Bapa kama sinia. Kwa sababu upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini, hauinui wimbi karibu na pwani, na hapo ndipo mtu mgeni anapodanganyika.

Tulikuwa na boya la bata, la njano, kubwa, la kupuliza. Mwanangu wa minne alikuwa ndio kwanza ameshuka, hata dakika haijapita, nimelishika kwa mkono mmoja natoa mchanga machoni kwa mkono wa pili. Likanichomoka. Sijawahi kuona kitu kinakwenda kasi vile juu ya maji, halitelezi, linaruka, tap tap tap kama jiwe. Nikaanza kulifuata na mimi si mwogeleaji mbaya, nikasikia filimbi. Kijana wa uokoaji ananiashiria nirudi, na alivyoniona nasitasita akapiga tena, ndefu. Nikarudi. Akanionyesha kwenye mlingoti wao, chini ya bendera ya kijani, alama ya rangi ya machungwa yenye umbo la ule mfuko wa upepo wa viwanja vya ndege. Maana yake upepo si wa kuchezea na vitu vya kupuliza. Hizo alama wamezibadilisha 2022, kijani, njano, nyekundu za kawaida, na sehemu ya kuogea inawekewa bendera mbili zilizo nusu nyekundu nusu njano. Mimi niliona kijani nikaridhika, hiyo nyingine nilidhani mapambo. Bata alikuwa ameshakuwa nukta. Nadhani sasa hivi yuko Sardinia anakula maisha, lakini usiku ule sikulala vizuri nikiwaza ile dakika moja.

Na kesho yake maji yakawa ya friji. Kweli kabisa, Julai, jua linachoma, unaingiza kidole gumba unatoa. Muuza aisikrimu akanieleza kwamba tramontane unasukuma maji ya juu yenye joto kwenda mbali, ya chini yenye baridi yanapanda kuziba nafasi. Kwa hiyo kama unakwenda na watoto wadogo, siku baada ya upepo pangeni kitu kingine. Sisi tulipanda kule jabalini, halafu tukaenda kuwatazama heroe kwenye ziwa la chumvi la La Palme, wamesimama mguu mmoja na ule upepo wote wala hawaanguki.

Kitu kingine pale kijijini, amezaliwa mzee mmoja Henry de Monfreid, mwaka 1879. Akaenda Djibouti 1911, akawa na majahazi yake, akafanya magendo ya silaha na hashishi kwenye Bahari ya Shamu, akasilimu akaitwa Abd el Hai, halafu wakati wa Vita ya Pili Waingereza wakamkamata Ethiopia wakampeleka Kenya. Baharia amezaliwa kwenye maji yasiyokupwa akaenda kuishi kwa majahazi! Nilitamani nimuulize alijisikiaje siku ya kwanza.

Kuna jamaa anapita mchangani na kikapu anapiga kelele "chouchous, beignets!" Beignets ni kama maandazi yenye jamu ndani. Chouchous sasa, nilinunua bila kujua ni nini, nikafungua karatasi, karanga zimevikwa sukari iliyoungua, nyekundunyekundu, zina vipele. Karanga za sukari zilezile za stendi ya Tanga. Bei sitaji.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni ngome. Jioni ya siku ya pili, jua huko linazama karibu saa tatu na nusu usiku, watoto hawataki kuondoka, mkubwa akajenga ngome pale pale maji yanapoishia. Na mahandaki, na manyoya ya ndege juu. Nikamwambia mwanangu, sogea juu kidogo, usiku bahari itakuja kuibomoa. Akasema haiji. Nikacheka moyoni. Asubuhi tumerudi, ngome imesimama. Imekaukakauka, kona moja imemong'onyoka kwa upepo, basi. Nilisimama pale naitazama kama mjinga, maana miaka yote ya utoto wangu sijawahi hata mara moja kukuta asubuhi nilichojenga jana.

Nikamrekodia Mama sauti, nikampigia na picha. Akajibu baadaye, nasikia kuku nyuma yake: "Sasa mwanangu, hiyo bahari au bwawa? Na pweza mnamtoa saa ngapi?" Nikamwambia huku hawasubiri, wanazamia. Akaguna.

Siku ya nne upepo ukageuka, marin ukaingia, anga likawa la kijivu, wimbi likainuka, na maji yakapanda, si mchezo, hatua tano sita juu ya pale yalipokuwa. Kumbe inajaa, ila inajazwa na upepo. Ngome ikaenda. Mkubwa alilia, kwa sababu kwake lile ni jambo la ajabu, bahari kusogea. Nikamwambia kwa Bibi inasogea kila siku mara mbili, inakwenda mbali mpaka unatembea ilipokuwa. Akafuta machozi akaniuliza, sasa samaki wanajuaje saa ya kuondoka?

Desemba tunakwenda Kigombe, inshallah. Nimemwambia Mama anitazamie ni wiki ipi ya bamvua kabla sijakata tiketi.